Pedali ya gitaa: kabla hela ya kwaya haijatoka, tuulizane itachomekwa wapi

Bumu halijaingia, test zimeisha, na leo naziweka pembeni siasa za serikali ya wanafunzi ili niongelee jambo la kwetu Nduguti. Wale mnaopiga magitaa kwenye fellowship hapa chuoni someni vizuri, maana linawahusu na nyie.

Ni hivi. Vijana wa kwaya kule nyumbani wamechanga hela. Siyo hela ya mfadhili. Hii ni hela ya alizeti, ya vitunguu, na kuku wa kienyeji wawili watatu waliouzwa siku ya mnada. Wanataka kununua pedali ya ovadraivu kwa ajili ya gitaa la solo, na kwa kuwa mimi niko mjini (mjini gani sijui, ila ndivyo wanavyoamini) wamenipa kazi ya kuchagua. Tatizo ni kwamba kila mtu ana jina lake mdomoni. Mmoja kaona video ya jamaa wa Marekani anataka ile ya kijani. Mwingine anasema ya njano. Mwalimu wa kwaya anasema bora ile yenye vitufe vingi, tupate sauti mia. Na mzee mmoja wa kanisa kauliza swali ambalo wote wamelipuuza: "Hicho kidude mnakichomeka wapi?"

Mimi niko upande wa mzee. Tena msimamo wangu ni kwamba swali la "pedali ipi" ni la pili. La kwanza ni hilo la mzee. Ukilijibu vibaya, hata ununue pedali ya dola elfu, Jumapili kitakachosikika ni nyuki walionaswa kwenye debe.

Tuanze na wasiojua. Ovadraivu ni nini hasa? Ninyi wa fizikia mtanisahihisha. Umeme unaotoka kwenye gitaa ni wimbi, linapanda na kushuka. Ukilikuza wimbi hilo kupita uwezo wa saketi, vichwa vyake vinakatwa. Kukatwa huko kunazaa sauti za ziada ambazo hazikuwepo kwenye uzi, ndiyo maana gitaa linasikika limenenepa na noti inakaa muda mrefu zaidi. Vichwa vikikatwa taratibu, kwa kuzungushwa, hiyo ni ovadraivu. Vikikatwa kwa panga ni distoshoni. Vikinyolewa kipara kabisa, hiyo inaitwa fazi. Kwa ufupi ndiyo hayo tu, mengine ni rangi ya boksi na tangazo la biashara.

Na jambo hili halikuanza kama kipaji, lilianza kama ubovu. Mwaka 1951 huko Memphis, Marekani, bendi ya Ike Turner ilienda kurekodi wimbo "Rocket 88". Amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ilikuwa imeharibika. Wakasokomeza karatasi ndani wakarekodi hivyo hivyo, ikitoa sauti ya kukwaruza, na watu wakaipenda. Baadaye viwanda vikaanza kuuza ubovu ule kwenye kiboksi. Boss wa Japani walitoa OD-1 mwaka 1977, Ibanez wakatoa Tube Screamer (ile ya kijani) mwishoni mwa miaka hiyo ya 70, na mwaka 1981 Boss wakaleta SD-1 ya njano ambayo mpaka leo inatengenezwa.

Sasa kuna wanaosema sauti ya kukwaruza ni ya kizungu, ni ya disko, haifai kwenye ibada. Hapo sikubali hata kidogo. Majirani zetu Wagogo wana ilimba, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Wanatoboa tundu kwenye boksi lake na kuliziba kwa utando wa buibui, makusudi kabisa, ili kila noti iwe na mzizimo wake. Hayati Hukwe Zawose alizunguka dunia na sauti hiyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Wazimbabwe kwenye mbira zao wanafunga vizibo vya soda ili vitikisike. Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilikuza likembe kwa maiki zilizotengenezwa na sumaku za magari mabovu, zikapasua sauti vibaya sana, na mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ikawafanya wazungu ndio waje kujifunza kwao. Zambia nako, miaka ya 70, bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga fazi mpaka basi. Kwa hiyo mwenye hoja aje na nyingine, siyo ya ugeni. Kukwaruza ni kwetu.

Lakini! Upande wa pili nao una haki yake. Chukua muziki wetu wa dansi. Msikilize Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, kabla ajali haijamchukua mwaka 1979. Gitaa linasikika safi kama maji ya mtungini. Siyo kwamba hakuweza kukwaruza. Ni kwamba muziki ule magitaa yanajibizana, la solo linasema, la rithimu linajibu, la besi linatembea chini, na kila moja lazima lisikike limesema nini. Ukipaka ovadraivu juu ya mazungumzo hayo unapata kelele za sokoni. Na kwaya zetu zimerithi upigaji huo huo, ukija wakati wa sebene ndiyo utajua.

Ndiyo maana nasema ovadraivu ni pilipili, siyo ugali. Unaiweka pale inapohitajika: solo fupi katikati ya wimbo, au mwisho wa wimbo wa kuabudu pale watu wanapoinua mikono. Wakati kwaya inaimba beti, zima! Ovadraivu nyingi zinapandisha sauti za kati, na sauti ya binadamu nayo inaishi hapo hapo kati. Wakigombana, anayeshindwa ni mwimbaji, na wimbo wa kwaya bila maneno ni nini? Mama aliyetembea toka kijijini kuja kusikia ujumbe ataondoka na mngurumo tu.

Sasa turudi kwa mzee na swali lake. Kibongobongo gitaa linachomekwa sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni moja kwa moja kwenye mikisa, halafu sauti inatokea kwenye yale maspika makubwa ya mahubiri. Kanisani kwetu ndivyo ilivyo mara nyingi, na najua makanisa mengi wanafanya hivyo. Wakati gitaa liko safi hakuna shida sana. Shida inaanza ukikanyaga ovadraivu. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipandi juu sana, ikifika hezi 5,000 hivi inaanza kuanguka, na kwa kuanguka huko inachuja ule ukali wote unaozaliwa na kukatwa kwa mawimbi. Spika ya mahubiri haichuji. Imetengenezwa itoe kila kitu, ina na kile cha juu cha kutolea sauti kali, kwa hiyo inakuletea uchafu wote masikioni. Ndiyo maana mnasikia pedali moja kwenye video inalia kama asali, na kanisani inalia kama mbu. Pedali haina kosa. Imekosa spika yake.

Sehemu ya pili ni amplifaya ya gitaa. Nyumbani tunayo moja ndogo, ya transista, wamekuwa wakiitumia kwa mazoezi tu. Nashangaa kwa nini haipandi madhabahuni. Iwekeni kwenye kiti, wekeni maiki ya kawaida ya kuimbia karibu kabisa na kitambaa chake, pembeni kidogo ya katikati ya spika, halafu maiki hiyo ndiyo iingie kwenye mikisa. Basi, tatizo la nyuki limepungua kwa kiasi kikubwa na hamjatoa hata shilingi.

Kwa hiyo uamuzi unakuwa mwepesi. Kama una amplifaya ya gitaa na uko tayari kuiwekea maiki, nunua pedali ya ovadraivu ya kawaida. Kama huna kabisa na utachomeka kwenye mikisa milele, usinunue pedali ya ovadraivu! Nunua kiboksi cha aina ile anayoitaka mwalimu wa kwaya, chenye kuiga amplifaya na spika ndani yake. Zoom G1 Four kwa mfano ina huo uigaji na inatumia betri nne ndogo za AA. Hapo mwalimu wa kwaya yuko sahihi, ila kwa sababu tofauti na yake. Zile sauti mia hamtazitumia. Mtatumia tatu. Mnachonunua ni ile spika ya kuiga.

Haya, tuseme amplifaya ipo. Ya kijani au ya njano?

Ukweli ambao wauzaji hawapendi kuusema ni kwamba hizo mbili ni ndugu. Zote zinakata mawimbi kwa ulaini, zote zinapunguza besi na kunyanyua sauti za kati. Tofauti kubwa ni kwamba Tube Screamer inakata juu na chini sawasawa, SD-1 inakata upande mmoja zaidi ya mwingine, na hiyo inaleta ladha tofauti kidogo. Kidogo! Ukifumba macho huku kinanda kinapiga, ngoma zinapiga na waimbaji ishirini wanaimba, nani ataijua? Huko Marekani SD-1 mpya haifiki dola 100. Tube Screamer ile ya TS808 bei yake inapanda zaidi ya hapo. Halafu kuna Klon Centaur, iliyotengenezwa na Bill Finnegan kuanzia mwaka 1994, ambazo zilizotumika zinauzwa maelfu ya dola. Maelfu! Kwa kukata wimbi lile lile. Huo siyo muziki tena, ni mnada wa vitu vya kale.

Kuna na za Kichina, Joyo na wenzake, na Behringer TO800 ambayo imemfuata yule wa kijani karibu kila kitu. Kwa mlio ni nzuri kuliko bei yake. Wasiwasi wangu kwa Behringer ni kwamba boksi lake ni la plastiki, na kwetu pedali inakanyagwa na watu wenye viatu vya shamba, inabebwa nyuma ya bodaboda pamoja na spika kutoka Nduguti mpaka Iguguno kwenye mkutano wa injili. SD-1 ni chuma. Najua mtaniambia rahisi ni ghali. Sawa, lakini na ghali siyo lazima kiwe bora. Kura yangu ni SD-1, na ikikosekana basi Joyo yenye boksi la chuma.

Sasa angalizo la video. Wale jamaa wa kwenye video wanakwambia weka Drive chini kabisa, Level juu kabisa. Wanasema kweli, ila kwao. Wao wanatumia amplifaya za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa, na pedali inazisukuma mpaka zenyewe zianze kukata mawimbi kwa ulaini. Amplifaya yetu ya transista ukiisukuma hivyo inakata kwa panga, tena vibaya. Kwa hiyo kwetu kazi ya kukata iachiwe pedali: Drive karibu nusu, Level ipande kidogo tu kuliko sauti ya gitaa likiwa safi, Tone chini ya nusu kisha upandishe taratibu mpaka isikike bila kuchoma masikio. Huu ndio ugonjwa wetu wa kunakili bila kuangalia darasa. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba zana ya kufundishia inachaguliwa kwa kuangalia wanafunzi ulionao, siyo kwa uzuri wa picha kwenye kitabu. Pedali nayo ni zana.

Umeme. Hapa naomba msome mara mbili, maana ndipo hela ya alizeti inapoweza kuteketea kwa sekunde moja. Pedali nyingi za aina hii zinataka volti 9, na hasi iko KATIKATI ya ncha ya waya. Kanisani zipo adapta za kinanda. Adapta nyingi za vinanda vya Yamaha ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Kwa macho ncha zinafanana, na zinaweza kuingia. Msithubutu! Angalieni ule mchoro mdogo wenye kiduara na alama za + na - kwenye adapta na kwenye pedali, vifanane. Kama hamna uhakika tumieni betri ya volti 9 ya mraba. Pedali kama SD-1 inakula umeme mdogo sana, chini ya miliampea 10, betri nzuri ya alkali itawatoa Jumapili nyingi. Sharti ni moja: mkimaliza chomoeni waya wa gitaa kwenye pedali, kwa sababu waya huo ukiwa umechomekwa ndiyo swichi yenyewe, betri inaisha hata kama taa imezimwa. Na faida nyingine ya betri, umeme ukikatika mkawasha jenereta, mlio wa jenereta haupiti kwenye adapta kuja kwenye gitaa.

Dukani je? Kariakoo au popote pale, usinunue kwa kuangalia boksi. Jina kubwa linaigwa, bandia zipo. Nenda na gitaa lenu wenyewe, siyo la duka. Kwanza piga bila pedali kuwashwa, sikiliza kama inakula sauti. Iwashe, zungusha vitufe vyote vitatu taratibu, vikikwaruza kama redio mbovu rudisha. Piga kodi kamili (kodi ya gitaa, siyo ya TRA, hehe) na usikilize kama kila uzi bado unasikika. Kisha punguza sauti kwenye gitaa lenyewe mpaka nusu: ovadraivu nzuri inarudi karibu na usafi. Hiyo inamaanisha mpigaji anaweza kuongoza kila kitu kwa kidole bila kuinama kila dakika. Muuzaji akikataa usijaribu, muage kwa heshima uende duka la pili.

Na jambo ambalo hakuna anayependa kuambiwa: pedali haifichi makosa, inayatangaza. Uzi ambao haujakaa sawa, ukiwa safi unavumilika. Ukikatwa mawimbi pamoja na mwenzake, zinazaliwa sauti nyingine za ajabu katikati yao na kila mtu anageuka. Ndiyo maana wapigaji wa ovadraivu wanapiga nyuzi mbili mbili badala ya kodi nzima. Kwa hiyo kabla ya pedali, nyuzi mpya na programu ya bure ya kutyuni kwenye simu. Nyuzi zile zina kutu mpaka vidole vinabaki vyekundu jamani.

Hivi ndivyo ningegawa hela ile, kwa mpangilio: nyuzi seti mbili, waya mzuri wa gitaa mmoja, maiki ya kuweka mbele ya amplifaya, stendi yake fupi, halafu pedali ya njano na betri. Ikibaki chenji irudi kwa mhasibu, kila mtu aone imeandikwa. Lakini hata kabla ya hapo jaribuni kile kitufe cha distoshoni kilichopo kwenye amplifaya yenyewe, na maiki mbele yake, Jumapili moja tu. Kikiwaridhisha, pedali ya nini? Nunueni sare.

Najua kuna watakaosema namsumbua kijana wa solo, kwamba anajituma na anastahili kitu chenye jina. Anastahili, sikatai, yule dogo ana vidole. Ila waliochanga ni watu arobaini, na wengi wao hawajui Tube Screamer ni nini wala hawana sababu ya kujua. Wao wanataka kwaya isikike. Hela yao inunue hicho.

Ndiyo hoja yangu, mwenye kupinga apinge kwa hoja. Na dogo wa solo, ukisoma hapa, usininunie... anza kwa kubadilisha nyuzi.